Archie habebwi na mapenzi, anabebwa na washkaji

Tangu mwaka 2025 zilipotoka habari kwamba studio ya Universal wanaandaa filamu ya Archie, yule kijana wa katuni za Kimarekani, Phil Lord na Chris Miller wakiwa maprodyuza na Tom King ndo mwandishi, wanaozifatilia hizi katuni wamekuwa wakibishana mambo mawili tu. La kwanza, safari hii Archie atabaki na nani, Betty au Veronica, wale mademu wawili wanaomgombania. La pili, itakuwa nzito na ya mauaji mauaji kama ile tamthilia ya Riverdale au watarudi kwenye vichekesho vya zamani. Mi naona mabishano yote mawili yanapiga pembeni, tena kwa sababu ileile, yanachukulia kwamba kilichomfanya huyu dogo mwenye nywele nyekundu adumu zaidi ya miaka 80 ni mapenzi, na kwamba vichekesho ni kitu cha kuongezea tu, ukitaka unaweka usipotaka unaacha. Msimamo wangu ni kwamba Archie hajawahi kuwa stori ya mapenzi. Ni stori ya washkaji wanaotaniana, wanazinguana, wanarushiana vijembe halafu kesho yake wako meza moja, na hayo mapenzi ni kisingizio cha kuwafanya wagombane. Ukitoa mapenzi Archie anabaki, ukitoa ushkaji na utani unabaki na vijana wa Kimarekani wenye sura nzuri, na hao kwenye televisheni wapo tele.

Kwa asiyezijua hizi katuni nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1939 jamaa watatu pale New York, Maurice Coyne, Louis Silberkleit na John Goldwater, walifungua kampuni ya vitabu vya katuni wakaiita MLJ kwa herufi za mwanzo za majina yao. Biashara yao ilikuwa mashujaa wenye nguvu za ajabu kama kampuni zingine zote za kipindi kile, na staa wao aliitwa The Shield, jamaa aliyevaa bendera ya Marekani mwilini, aliyetoka 1940 kabla hata ya Captain America. Archie aliingia kwa mlango wa nyuma. Alitokea kwenye Pep Comics namba 22 ya Desemba 1941, stori fupi tu iliyochorwa na Bob Montana na kuandikwa na Vic Bloom, imebanwa katikati ya wale mashujaa. Humo dogo anajifanya bingwa mbele ya binti wa majirani wapya, anataka aitwe Chick maana jina la Archie halipendi, anaishia kupanda kwenye kamba ya sarakasi na mambo yanaharibika. Ndo hivyo tu. Lakini wasomaji wakamtaka yeye kuliko wale wenye misuli, na kufikia 1946 kampuni yenyewe ilishabadili jina ikawa ya Archie. The Shield nani anamkumbuka leo zaidi ya wakusanyaji.

Kuna kitu kwenye stori hiyo ya kwanza ambacho watu wanakipita juu juu. Yule binti wa majirani ni Betty. Na Jughead, yule rafiki mvivu mwenye kofia kama taji, naye yumo humohumo tangu siku ya kwanza. Veronica hayupo. Veronica Lodge alikuja kwenye namba 26, Aprili 1942, miezi kadhaa baadae. Maana yake ule mvutano wa Betty na Veronica ambao kila mtu anaamini ndo uti wa mgongo wa Archie uliongezwa, na rafiki ndo alitangulia. Angalia pia kampuni ilivyogawa vitabu baada ya vita: Jughead alipewa kitabu chake mwenyewe mwaka 1949, kikaitwa Archie's Pal Jughead, na Betty na Veronica wakafata 1950. Wale jamaa walikuwa wafanyabiashara, hawakuwa na falsafa yoyote, walikuwa wanaangalia kinachouza, na walianza na mshkaji kabla ya mademu.

Sasa twende kwenye ufundi wenyewe, maana hapa ndo penye utamu na ndo wachambuzi wengi wanaruka. Stori ya kawaida ya Archie ina kurasa tano au sita. Kwenye hizo kurasa lazima kitu kianze, kiharibike, kiharibike zaidi, halafu fremu ya mwisho ikuchekeshe, na ukifungua stori inayofata kila kitu kimerudi palepale kama hakuna kilichotokea. Frank Doyle, ambaye aliandika maelfu ya hivi visa kwa miongo kadhaa na wengi hawamjui hata jina, alianzia kwenye uchoraji na hata maandishi yake alikuwa anayatoa kwa kuchora vimchoro vya haraka, hivo alifikiria kichekesho kwa macho kabla ya maneno. Harry Lucey alichora miili inayoigiza, Archie wake akianguka unahisi kiuno kimeuma. Samm Schwartz alikuwa anajaza vituko huku nyuma ya fremu ambavyo stori haivitaji kabisa, ukirudia kusoma mara ya tatu ndo unaviona. Dan DeCarlo ndo aliwapa Betty na Veronica zile sura ambazo dunia nzima inazijua. Wote hawa walikuwa na tatizo moja la kikazi: ukishasema stori inayofata inaanza upya, huwezi kumuua mtu, huwezi kumwozesha, huwezi kumfukuza mji, huwezi kumfanya msaliti asiyesameheka. Kila ugomvi lazima uwe mkubwa kiasi cha kuchekesha na mdogo kiasi cha kusahaulika kesho. Na watu pekee duniani wanaogombana namna hiyo, kwa moto kabisa na bila madhara, ni marafiki wa karibu sana.

Sisi huku hili hatuhitaji kufundishwa. Mnyamwezi na Mzaramo wanaweza kutukanana mpaka mgeni akaita polisi, na mtani huyohuyo ndo anayefika msibani akaleta vituko vyake, akalala hata kaburini akigoma kutoka mpaka apewe chochote, halafu anashika jembe anazika. Ruhusa ya kukutukana inakuja na wajibu wa kukuzika. Jughead anavyomsema Archie, kwamba hana akili, kwamba gari lake ni bomu, kwamba Veronica anamtumia, angesema mtu mwingine zingepigwa ngumi, ila akisema yeye ni sawa maana yeye ndo atakayesukuma hilo bomu likizima njiani. Reggie naye, yule mtoto wa mjini mwenye nywele za kung'aa anayemtegea Archie kila siku, ukisoma vizuri sio adui. Adui asingealikwa kila pati. Reggie ni yule rafiki ambaye kila kundi linae, anakera, anajisifu, na siku akikosekana kikao kinapoa.

Na Jughead ndo ushahidi wangu mkubwa. Huyu dogo, jina lake kamili Forsythe Pendleton Jones wa Tatu, anapenda vitu viwili, kula na kulala, na mademu hana mpango nao. Kwenye mji ambao kila mtu anamkimbilia mtu, yeye kakaa kwenye mgahawa wa Pop Tate ana baga yake anawaangalia. Kwa miongo kadhaa ilichukuliwa kama utani tu, mvivu asiyetaka usumbufu, mpaka mwaka 2016 Chip Zdarsky akaandika wazi ndani ya kitabu kwamba Jughead hana hisia hizo za kimwili kwa mtu yeyote. Watu wakagombana mitandaoni kama kawaida, ila kiukweli hakuongeza kitu kipya, alitaja tu kilichokuwepo. Fikiria umuhimu wake kwa msomaji wa miaka kumi au kumi na mbili. Katuni za vijana zingemwambia kwamba kukua ni kuingia kwenye mashindano ya mapenzi, ukishindwa wewe ni bure. Jughead anamwambia kuna kiti kingine, unaweza usishindane kabisa na bado ukawa mtu muhimu kuliko wote kwenye meza, maana wote wanaoumizwa na mapenzi wanakuja kukaa kwako. Archie anahangaika na wawili, hapati raha, Jughead hana hata mmoja na ndo mwenye furaha kuliko wote pale Riverdale, mji wao. Stori ya mapenzi isingemvumilia mtu kama huyo hata kurasa mbili.

Hata Betty na Veronica, ambao watu wanasema ni mahasimu, ukihesabu muda wanaokuwa pamoja bila Archie utashangaa. Wanaenda dukani, wanaenda ufukweni, wanalala nyumbani kwa mmoja wanasengenya, na Archie akipita wanageukiana dakika mbili halafu wanarudi. Veronica ni mtoto wa Hiram Lodge, tajiri wa mji, Betty ni wa familia ya kawaida, anashona mwenyewe nguo zake na ndo fundi wa kweli wa lile gari la Archie. Vichekesho vingi vizuri vyao vinatoka hapo kwenye pesa: Veronica anajaribu kuishi siku moja bila hela za baba, Betty anaalikwa kwenye sherehe ya matajiri hajui avae nini. Yani ni urafiki unaovuka kipato, na kila aliyesoma shule moja na mtoto wa bosi anajua utamu na aibu zake, ile anakuombea kitu kwa nia njema na wewe unatamani ardhi ipasuke. Archie mwenyewe katika hizo stori ni mpira tu, wachezaji ni hao wawili.

Sasa hoja za upande wa pili, na nianze na ile nyepesi kuliko zote, kwamba hizi katuni zinadumu kwa sababu ya zilipendwa, wazee wanakumbuka ujana wao, wakifa wao na Archie anakufa. Hii hoja inasemwa sana na ndo dhaifu kuliko zote. Zilipendwa inahitaji uwe ulikuwepo. Wanunuzi wakubwa wa Archie walikuwa watoto ambao hawajafika hata sekondari, na kuanzia miaka ya 70 kampuni iliviweka vile vitabu vidogo vya mfukoni karibu na keshia kwenye supamaketi, pale mtoto anapomsumbua mama yake. Mtoto wa miaka tisa hakumbuki ujana, anausubiri. Kwake Archie ni picha ya kitakachokuja, kwamba siku moja nitakuwa na gari bovu na rafiki wa kulisukuma. Ndo maana mwaka 1969 kitabu cha Archie kiliuza zaidi ya nusu milioni kwa toleo moja, na mwaka huohuo wimbo wa bendi yao ya kubuni, Sugar, Sugar, ukashika namba moja Marekani, enzi ya Woodstock na Vietnam ambapo vijana halisi walikuwa na mambo mengine kabisa kichwani. Mi mwenyewe zilinifikia zikiwa mitumba, zimechanika kava na zina jina la mtu mwingine kwa biro, sikuwa nimewahi kuona milkshake wala supamaketi yenye keshia kumi, na nilicheka. Nilikuwa nakumbuka nini hapo?

India inaivunja hiyo hoja zaidi. Huko Archie alisomwa na kizazi baada ya kizazi, na Desemba 2023 Zoya Akhtar akatoa filamu ya The Archies Netflix, Riverdale akaihamishia mji wa milimani India mwaka 1964 katikati ya jamii ya Wahindi wenye asili ya Kiingereza. Unaweza kuipenda au usiipende, mi naona ina uzuri mwingi wa nguo kuliko vichekesho, ila angalia walichochagua kama kisa chenyewe: vijana wanaungana kuokoa bustani ya mji isichukuliwe na mradi wa hoteli wa baba yake Veronica. Mapenzi yamo, ila kinachosukuma stori ni kundi la marafiki na mmoja wao ambaye baba yake ndo tatizo. Watu walioko maelfu ya kilomita kutoka Marekani walipoulizwa kiini cha Archie ni nini wakajibu hivyo bila kufundishwa na mtu.

Hoja ya pili ni nzito na siwezi kuipita kwa utani. Inasema huu urafiki mtamu wote umesimama juu ya mji uliosafishwa, na uliosafishwa kwa makusudi. Ni kweli. Mwaka 1954 Marekani iliingiwa na hofu kwamba katuni zinaharibu watoto, daktari Fredric Wertham akaandika kitabu, maseneta wakaita watu kuhojiwa, na wachapishaji wakajiwekea sheria zao wenyewe, ile Comics Code, inayokataza damu, ngono, mazombi na hata maneno fulani kwenye kava. Mmoja wa vigogo wa chama kilichoisimamia alikuwa nani? John Goldwater wa Archie, na alikuwa rais wake kwa miaka mingi. Yani mwenye duka la maziwa ndo kaandika sheria ya kupiga marufuku pombe. Kampuni ya EC iliyokuwa inatisha na kuuza sana ikabidi ifunge vitabu vyake vya kutisha, na haikosi maana kwamba mwaka huohuo jarida la Mad la kampuni hiyohiyo lilikuwa limemchora Archie kwa dhihaka kama muhuni anayeishia jela. Kwa hiyo usafi wa Riverdale ulikuwa biashara, na mtu akikwambia zile zilikuwa enzi za watu wasafi mwambie akasome vizuri. Ongeza na hili: mhusika mweusi wa kudumu, Chuck Clayton, aliingia 1971. Miaka 30 mji mzima wa Marekani hauna mweusi mmoja anayekaa kwenye kiti cha kwa Pop Tate. Na wasichana wawili wenye akili kumgombania mvulana ambaye sifa yake kubwa ni kwamba yupo tu, hilo nalo halina utetezi, hata wakicheka.

Nakubali yote hayo, ila sikubali hitimisho linalotolewa, kwamba basi urafiki wenyewe ni feki. Mi naona ni kinyume. Ile sheria iliwanyang'anya waandishi kila kitu rahisi, damu hakuna, ngono hakuna, uhalifu hakuna, hata hasira za kweli dhidi ya wakubwa zilikuwa na mipaka, ndo maana headmasta Weatherbee anaanguka na kuteleza lakini hadharauliwi kabisa. Ukishatoa vyote hivyo kati ya vijana watano unabaki na nini? Unabaki na wivu mdogo, njaa, mtihani, pesa ya kuazima, gari lisilowaka, siri iliyotoka. Unabaki na maisha ya urafiki tu. Goldwater alikuwa analinda soko lake, bila kupanga akawafungia waandishi wake kwenye chumba ambacho njia pekee ya kutoka ni kuchekesha kwa kutumia watu wanaojuana. Wakafanya hivyo kwa miaka arobaini na kitu mpaka wakawa hodari kuliko mtu yeyote. Nia mbaya na matokeo mazuri vinaweza kukaa nyumba moja.

Hoja ya tatu ndo inayohusu filamu moja kwa moja, kwamba vijana wa sasa wamezoea mambo mazito, bila giza hawaangalii. Hapa lazima niwe mkweli, giza liliuza. Riverdale ilianza Januari 2017 ikaenda misimu saba mpaka Agosti 2023, hiyo sio ajali. Kabla yake, 2013, Roberto Aguirre-Sacasa na mchoraji Francesco Francavilla walitoa Afterlife with Archie, mazombi Riverdale, na ni kazi nzuri sana, mi naiweka juu. Ila hebu angalia inaanzaje. Mbwa wa Jughead, Hot Dog, anagongwa na gari la Reggie. Jughead anambeba usiku mpaka kwa Sabrina yule mchawi anamwomba amfufue, na kwa huruma ya rafiki Sabrina anafanya kitu alichokatazwa, mbwa anarudi vibaya, anamng'ata Jughead na mji mzima unaisha. Ule ugonjwa umeanza na upendo wa kijana kwa mbwa wake na rafiki aliyeshindwa kusema hapana. Inatisha kwa sababu tumemjua Jughead miaka 70 akiwa hana shida na mtu. Riverdale nayo, mwanzoni ilibebwa na hilohilo, maana Betty na Veronica walipatana mapema na watazamaji wakawapenda, ila ikamchukua Jughead ikamfanya kijana mwenye huzuni anayeandika riwaya na kutoka na Betty. Hapo ilikata mguu mmoja wa meza. Ukimpa Jughead mapenzi na uchungu umepata kijana mwingine wa tamthilia, na umepoteza mtu pekee aliyekuwa anawacheka wengine, na tamthilia isiyo na mtu wa kucheka inabidi kila msimu iongeze vituko, ikafika mpaka kwenye uchawi na ulimwengu sambamba. Sio kwamba waliishiwa akili, waliishiwa utani.

Kampuni yenyewe imejaribu mara mbili kumaliza stori na majibu iliyoyapata yanaeleza mengi. Mwaka 2009, kwenye stori iliyoanzia Archie namba 600, walimwozesha Veronica, dunia nzima ikaandika, halafu matoleo machache mbele wakamwozesha Betty pia, kwenye njia nyingine ya maisha, maana hawakuthubutu kuchagua. Zikawa dunia mbili zinaenda sambamba. Ukiona jibu la swali linaweza kuwa yeyote kati ya wawili na hakuna kinachobadilika, ujue swali halikuwa la maana. Halafu 2014, kwenye Life with Archie namba 36, wakamuua. Na walimuua vipi? Hakufia mikononi mwa mke, hakufa kwa ajili ya Betty wala Veronica. Alijitupa mbele ya risasi iliyokuwa inamlenga Kevin Keller, rafiki yake na mhusika wa kwanza wa Riverdale aliye wazi kwamba ni shoga, ambaye kwenye stori hiyo alikuwa seneta anayetaka silaha zidhibitiwe. Walipohitaji kumpa huyu mtu kifo chenye maana, wenye mali wakaona chenye maana ni kufa kwa ajili ya mshkaji.

Kwa hiyo filamu ikija, kazi ngumu ya Tom King haiko kwenye kuchagua msichana wala kwenye kiasi cha giza. Kazi ngumu ni kwamba filamu ina saa mbili na mwisho, na ule urafiki ulijengwa na maelfu ya stori ndogo zisizo na mwisho. Filamu inapenda mtu abadilike, ajifunze, Archie hajifunzi kitu, kesho ataahidi kutoka na wawili usiku mmoja tena. Njia nyepesi itakuwa kumpa jeraha la utotoni na kumfundisha kuchagua. Ningekuwa mimi ningechukua usiku mmoja tu, gari moja bovu, pesa isiyotosha na kundi zima ndani ya gari, halafu ningewaacha waongee.

Na kwetu huku? Afrika Mashariki tumekuwa na katuni za kuchekesha muda mrefu, Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo, Ndumilakuwili na Lodi Lofa kwenye Sani, na hao nao hawajifunzi kitu na ndo maana tuliwapenda, ila wengi ni watu wazima. Za vijana hasa ambazo zimetikisa ni Shujaaz, iliyoanza Kenya 2010, bure ndani ya gazeti, kwa Sheng, na dogo wake Boyie anayeendesha redio ya siri chumbani, ikachukua International Emmy 2012 na baadae ikaingia na Tanzania. Shujaaz ilifanikiwa kwa sababu walianza na lugha na vituko vya vijana kabla ya somo. Lakini somo lilikuwepo, kilimo, afya, uchaguzi, na lazima liwepo maana pesa zinatoka kwa wafadhili wanaotaka kuona tabia imebadilika. Wengi waliojaribu kuiga wakachukua somo wakaacha vituko, matokeo yake unakuta vijana wanne wamechorwa wamesimama wanaambiana takwimu za malaria, eti marafiki. Hakuna mtu duniani anaongea hivyo na mshkaji wake. Mfadhili hajui kupima kicheko, kwa hiyo kicheko ndo kinakatwa kwanza bajeti ikibana.

Halafu kuna suala la mchoraji, ambalo hata hao wenye Archie hawakulifanya vizuri. Dan DeCarlo aliwachorea kwa miongo kadhaa, Josie wa Josie and the Pussycats, katuni nyingine ya kampuni hiyohiyo, alimpa jina la mke wake mwenyewe, na mwaka 2000 alipodai haki yake juu ya Josie wakaacha kumpa kazi, kesi hakushinda na Desemba 2001 akafariki. Kampuni iliyouza urafiki kwa miaka 60 ikamalizana hivyo na mtu aliyewapa sura zake. Kwa hiyo mhariri wa Nairobi au Dar anayetaka kundi la vijana litakalosomwa na watoto ambao bado hawajazaliwa inabidi afanye vitu viwili ambavyo havipendezi kwenye ripoti: kwanza akubali kuchapisha kurasa tano ambazo hazifundishi chochote, wiki hii na wiki ijayo na mwaka ujao, na pili akae na mchoraji waandike kabisa, kabla ya toleo la kwanza, hawa wahusika ni mali ya nani.